Paladiamu haiogopi maji

Kila mwaka, mada ya vitendanishi vya Grignard ikifika kwa kidato cha sita, darasa zima huondoka na funzo moja ambalo hulibeba mpaka chuo kikuu: metali iliyoshikana na kaboni haitakiwi kuona maji. Kwa Grignard ni kweli kabisa. Magnesiamu iliyoshika kaboni ikikutana na tone la maji, kaboni inachukua haidrojeni na kazi imekwisha. Ndiyo maana etha inakaushwa, vyombo vinaokwa, na mwanafunzi anaambiwa asipumulie mdomo wa chupa. Shida inaanza pale kanuni ya magnesiamu inapogeuzwa kuwa kanuni ya metali zote.

Mimi nafundisha kemia Mtwara Mjini, mji ambao msimu wa mvua unyevu wa bahari unaingia mpaka ndani ya kopo la chumvi lililofungwa. Ukimwambia kijana wa hapa kwamba kemia ya maana ni ile inayofanyika kwenye ukavu wa asilimia mia, ndani ya kasha la glavu, yaani sanduku lililozibwa unalofanyia kazi kwa glavu zilizofungwa ukutani mwake, lililojaa gesi ya agoni, umemwambia kwa heshima kwamba kemia hiyo haimhusu. Na hilo si kweli. Kuna tawi zima la kemia ya metali linalofanyika kwenye maji, na tawi hilo linagusa dawa ambazo ndugu zetu wanazichukua kliniki kila mwezi. Nalizungumzia sana darasani, wakati mwingine kupita muda wa kipindi, kwa hiyo leo naliandika.

Tuanzie kliniki. Kidonge cha TLD wanachopewa watu kwenye kliniki za CTC, za tiba na matunzo ya wenye VVU, nchini kote kina vitu vitatu: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Viwili vya kwanza ni watoto wa ukoo mmoja, ukoo wa nukliosaidi. Nukliosaidi ya kawaida ni sukari iliyoungwa na besi, ile herufi ya kijeni: adenosini, guanosini, saitidini, yuridini, na kwa upande wa DNA, thaimidini. Ukiongeza fosfeti unapata nukliotaidi, tofali la kujengea DNA na RNA. Virusi vya UKIMWI vinahitaji matofali hayo ili kunakili jeni zake, na dawa hizi ni matofali ya kughushi. Lamivudini inafanana na saitidini, ila mahali pa kushikishia tofali linalofuata hapapo. Ikishaingia, mnyororo unakatika hapo. Tenofoviri imekwenda mbali zaidi: pete ya sukari imeondolewa yote, ikabaki besi ya adenini, mkono mfupi wa kaboni na fosfonati. Aliyeianzisha ni Antonín Holý wa Prague, akishirikiana na Erik De Clercq wa Leuven, na Marekani iliiruhusu mwaka 2001. Kabla yake kulikuwa na zidovudini, iliyotengenezwa na Jerome Horwitz mwaka 1964 kwa matumaini ya kutibu saratani. Ikashindwa, ikawekwa kando, ikaja kuwa dawa ya kwanza ya UKIMWI mwaka 1987.

Nataja historia hii kwa sababu inaonyesha jambo ambalo wanafunzi hulipita haraka. Ukibadilisha sehemu ndogo sana ya nukliosaidi, tabia yake mwilini inageuka kabisa, na hakuna anayeweza kubashiri kwa uhakika mabadiliko gani yatafaa. Kwa hiyo mtafiti anahitaji kutengeneza nyingi, zinazotofautiana kidogo kidogo, azijaribu zote. Hapo ndipo njia ya kuzitengeneza inapokuwa suala la kufa na kupona.

Sasa tazama molekuli yenyewe. Adenosini ina vikundi vitatu vya haidroksili kwenye sukari, na besi yake imejaa naitrojeni. Ni kitu kinachopenda maji. Kwenye toluini au etha haiyeyuki hata kidogo, inakaa chini kama mchanga. Kemia ya kawaida ya karne iliyopita ilipambana na tabia hiyo kwa nguvu: ilivika kila haidroksili kikundi cha ulinzi, silili au asetili, mpaka nukliosaidi ikawa na mafuta ya kutosha kuyeyuka kwenye viyeyushi vya kikaboni. Kisha mmenyuko mmoja unaotakiwa ukafanyika. Kisha vikundi vyote vikavuliwa. Ni sawa na kuezua paa zima ili ubadilishe bati moja. Kila hatua inakula kiyeyushi, inakula silika ya kusafishia, na inapunguza mazao. Mahali ambapo ulinzi uliepukwa, mara nyingi DMF ndiyo iliyotumika, kiyeyushi ambacho Ulaya kimeorodheshwa kuwa hatari kwa uzazi, na ambacho kukitoa kwenye bidhaa iliyoshika maji ni adhabu.

Metali iliyofungua njia ni paladiamu. Katikati ya miaka ya 1970, Donald Bergstrom alionyesha kwamba yuridini yenye zebaki kwenye kaboni ya tano inaweza kuunganishwa na alkini (kaboni mbili zilizoshikana kwa vifungo viwili) na jamaa zake kwa msaada wa paladiamu. Zebaki! Hakuna anayetaka kuirudia leo, lakini mlango ulifunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Morris Robins na Philip Barr huko Alberta, Canada, walitumia yuridini zenye aidini badala ya zebaki, wakaziunganisha na alkaini (zenye vifungo vitatu) kwa paladiamu na shaba. Mwaka 1987 wanakemia wa kampuni ya DuPont walitumia mbinu ya aina hiyo kushikisha rangi zinazong'aa kwenye nukliotaidi, ili mashine isome herufi za DNA kwa kutazama rangi. Yeyote aliyewahi kusikia habari za kusoma jeni za binadamu ameguswa na kazi hiyo, ajue au asijue.

Mahali pa kushikishia hizo rangi hapakuchaguliwa ovyo. Kaboni ya tano ya yuridini na saitidini inaelekea nje ya ngazi ya DNA, upande wa mfereji mpana, kwa hiyo ukining'iniza kitu pale, herufi mbili zinazotazamana zinaendelea kushikana kama kawaida. Kwa adenosini na guanosini, mahali rahisi kwa mkemia ni kaboni ya nane, kwa sababu bromini inakwenda pale yenyewe. Ila kaboni ya nane ina tabia yake: ukiweka kitu kinene, besi inajigeuza juu ya sukari, inaangalia upande mwingine, na vimeng'enya vinavyojenga DNA vinaikataa. Kwa ajili hiyo wanaotaka kimeng'enya kikubali huondoa naitrojeni ya saba, wakaweka kaboni, wakafanyia kazi hapo.

Basi maji yanaingiaje?

Swali la msingi ni kwa nini Grignard ife na paladiamu iishi. Jibu liko kwenye jedwali ambalo kila mwanafunzi analo. Kwa kipimo cha Pauling, mvuto wa elektroni wa kaboni ni 2.55, wa magnesiamu ni 1.31, wa paladiamu ni 2.20. Kati ya kaboni na magnesiamu pengo ni kubwa, kaboni inabeba chaji hasi nyingi, inarukia haidrojeni yoyote iliyo karibu. Kati ya kaboni na paladiamu pengo ni dogo. Kaboni imetulia, haina haraka na maji. Huwa naandika namba hizo tatu ubaoni na kukaa kimya kidogo, na kila mara kuna kijana anayeliona kabla sijasema. Mwaka jana alikuwa binti wa mstari wa nyuma: "Kwa hiyo, mwalimu, siyo metali, ni tofauti ya namba?" Ndiyo, binti yangu. Ni tofauti ya namba.

Na upande wa pili wa mmenyuko vilevile hauogopi maji. Katika uunganishaji wa Suzuki na Miyaura, uliochapishwa mwaka 1979, kaboni inayokuja kuungwa inabebwa na boroni. Asidi ya boroniki ni unga unaokaa kwenye chupa ya kawaida, rafuni, bila sherehe yoyote. Paladiamu inaingia kati ya kaboni na bromini ya nukliosaidi, boroni inaikabidhi kaboni yake kwa paladiamu, kaboni mbili zinaungana, paladiamu inatoka ilivyokuwa na kuanza upya. Hatua ya boroni inahitaji besi ya aina nyingine, yaani alkali kama kaboneti, na inafurahia maji. Akira Suzuki alipewa Nobeli mwaka 2010 pamoja na Richard Heck na Ei-ichi Negishi kwa kemia ya ukoo huu.

Kilichokosekana ni kuifanya paladiamu yenyewe iyeyuke kwenye maji. Metali hii hutembea na ligandi, yaani molekuli inayoishikilia, na ligandi ya kila siku ni fosfini yenye pete tatu za fenili, kitu cha mafuta kisichotaka kabisa kuingia majini. Katika miaka ya 1970, Emile Kuntz wa kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa alichukua fosfini yenye vikundi vya salfonati kwenye zile pete, yaani mikia ya chumvi, akaanza kuitumia pamoja na metali kwenye maji. Ile yenye mikia mitatu inaitwa TPPTS, na lita moja ya maji inayeyusha zaidi ya kilo nzima ya unga wake. Mwaka 1984 kiwanda cha Oberhausen, Ujerumani, kilianza kutengeneza butanali kwa rodiamu iliyoshikwa na TPPTS: kichocheo kinabaki kwenye maji, bidhaa inaelea juu, unazitenga. Ukisikia mtu anasema kemia ya metali kwenye maji ni mchezo wa maabara, mtajie Oberhausen.

Mwaka 1990 Albert Casalnuovo na Joseph Calabrese, nao wa DuPont, waliipeleka paladiamu yenye fosfini ya mkia mmoja wa salfonati kwenye nukliosaidi na nukliotaidi zisizo na ulinzi wowote, na mimenyuko ikaenda. Kisha mwaka 2003 kundi la Kevin Shaughnessy wa Alabama na Peter Gannett wa West Virginia likaonyesha kwamba Suzuki inafanya kazi kwa hatua moja, bila ulinzi, kwa kutumia asetati ya paladiamu na TPPTS kwenye mchanganyiko wa maji sehemu mbili na asetonitraili sehemu moja. Walikuwa na sababu ya kitabibu. Kemikali fulani zinazosababisha saratani huacha pete ya kaboni imeshika kaboni ya nane ya guanini ndani ya DNA, na ili ujue jeraha hilo linafanya nini, lazima uwe na guanosini iliyojeruhiwa hivyo hivyo, safi, kwenye kichupa.

Nilifanya kazi na mmenyuko huu nilipokuwa nasoma shahada ya pili Dar es Salaam, na naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo nilipoipenda.

Unaanza na guanosini, unga mweupe ambao hata kwenye maji ya baridi unayeyuka kwa shida. Unautia kwenye maji, unabaki kama uji mwepesi. Halafu unaongeza maji ya bromini, kidogo kidogo. Tone la manjano linaanguka, unakoroga, rangi inapotea. Jingine, inapotea. Unaendelea mpaka ufike mahali manjano inakataa kuondoka, na hapo unajua kaboni ya nane zimeshiba. Unachuja, unasafisha kwa kuyeyusha kwenye maji ya moto na kuacha yapoe. Fuwele nyeupe. Mpaka hapo hujagusa kiyeyushi cha kikaboni hata kimoja.

Halafu unakuja uunganishaji. Kwenye chupa ndogo unaweka hiyo guanosini yenye bromini, asidi ya boroniki, na sodiamu kaboneti, ambayo ni ndugu safi wa magadi yanayotiwa kwenye maharage. Unaongeza maji na asetonitraili ambavyo umevipitishia naitrojeni, kisha paladiamu na TPPTS, rangi ya chai ya rangi. Unapasha mpaka nyuzi 80. Uji unaanza kuwa mwepesi, unga unayeyuka kadiri unavyoliwa, na baada ya saa chache unachovya kikapilari, kijibomba chembamba cha kioo, unaweka doa kwenye bamba la silika, unaliacha lipande, unaliweka chini ya taa ya UV. Guanosini ya mwanzo ni doa jeusi. Juu yake kuna doa jipya, na hilo halizimi taa, linang'aa samawati. Guanosini zilizoungwa na pete kwenye kaboni ya nane mara nyingi hung'aa, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kuzitaka: unaweza kuifuatilia molekuli kwa macho. Dada mmoja fundi sanifu wa maabara ile alikuwa akinikuta nimeinamia lile sanduku la UV muda mrefu kuliko lazima. "Umeliona, litoke sasa, wenzako wanasubiri," alikuwa akisema.

Mmenyuko ukikataa unaujua pia. Kioo cha chupa kinapakwa weusi unaometa, paladiamu imeacha ligandi yake na kurudi kuwa metali tupu. Mara nyingi chanzo ni hewa. Maji hayaiharibu TPPTS, oksijeni ndiyo inayoiharibu, inageuza fosfini kuwa oksaidi na metali inabaki haina wa kuishika. Kwa hiyo tahadhari ya naitrojeni inabaki. Ila kati ya kupitisha naitrojeni kwenye maji kwa nusu saa na kumiliki kasha la glavu kuna tofauti ya mamilioni ya shilingi.

Guanosini ina ukaidi mwingine ambao adenosini hana. Haidrojeni iliyo kwenye naitrojeni ya kwanza inatoka pH ikikaribia 9, na kwenye mchanganyiko wenye kaboneti ndipo tulipo. Ikitoka, guanosini inakuwa yenyewe ligandi: naitrojeni na oksijeni yake zinaishika paladiamu na kuikalisha kitako badala ya kuiacha izunguke. Adenosini inamaliza mapema, guanosini inaburuta miguu, na suluhisho ni kuchunga pH, kuongeza ligandi, au kuvumilia. Deoksiguanosini ina hatari ya ziada, kwamba kifundo kati ya sukari na besi hukatika kwa urahisi kwenye asidi, hivyo huwezi kukimbilia pH ya chini bila hesabu. Mimi naona hapa ndipo kemia ya kweli ilipo. Kitabu kinasema kichocheo kinaingia na kutoka. Guanosini inakuonyesha kichocheo kinaweza kutekwa na kile kile unachokihudumia.

Kuna sababu ya hapa kwetu inayonifanya niijali kazi hii, na iko juu kule Newala.

Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulipita kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliueleza kitaalamu mwaka 1955, na kirusi kilichotolewa kwenye damu za wagonjwa wa wakati ule ndicho dunia nzima inachokiita chikungunya, kwa jina la Kimakonde. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana mdogo huko. Alitusimulia watu walivyotembea wameshika viuno na magoti, wengine miezi. Nikamuuliza, "Bibi, mlikuwa mnatumia dawa gani?" Akanitazama. "Dawa gani, mjukuu wangu? Tulikuwa tunalala na kungoja."

Uwanda ule hauna mito juu yake. Ardhi inakunywa mvua, na wanawake walikuwa wakishuka mabondeni kufuata chemchemi na kupanda tena na mitungi kichwani. Maji yakifika nyumbani yanatunzwa kama mali, na mbu aina ya Aedes huzaliana hasa kwenye maji safi yaliyotunzwa karibu na watu. Uhaba wa maji na ugonjwa vilikuwa chini ya paa moja.

Zaidi ya miaka 70 imepita na naandika haya bado hakuna dawa maalumu iliyoidhinishwa ya kuua kirusi hicho. Mgonjwa anapewa parasetamoli na kupumzishwa. Lakini mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba nukliosaidi moja, saitidini iliyoongezwa haidroksili kwenye naitrojeni yake ya nje, inazuia chikungunya kwenye seli za maabara. Nukliosaidi hiyo hiyo ndiyo inayofanya kazi ndani ya molnupiraviri, dawa ya UVIKO iliyoruhusiwa Uingereza mwaka 2021. Haikuhitaji paladiamu kuitengeneza, saitidini na haidroksilamini zinatosha, tena kwenye maji. Kinachonisisimua ni kwamba ukoo huu wa molekuli una cha kusema kuhusu ugonjwa wa Newala, na kwamba hakuna ajuaye ni tawi gani la ukoo lenye jibu zuri zaidi. Ukiwa na nukliosaidi moja yenye aidini au bromini na makopo ishirini ya asidi za boroniki tofauti, unaweza kutengeneza ndugu ishirini kwa kubadilisha kopo tu. Kwa njia ya ulinzi, kila mmoja angekuwa safari ya hatua nyingi. Hiyo ndiyo faida ninayoipigania.

Wapo wanaofanya hivyo kwa bidii. Huko Prague, kwenye taasisi ile ile aliyofanyia kazi Holý, Michal Hocek na wenzake huunganisha moja kwa moja nukliotaidi zenye fosfeti tatu, kitu dhaifu kinachobomoka ukikipasha muda mrefu, kwa paladiamu na TPPTS kwenye maji, kisha humpa kimeng'enya akazisuka ndani ya DNA. Mumbai, Anant Kapdi na kundi lake wametengeneza ligandi nyingine ya chumvi, PTABS, kwa ajili ya nukliosaidi. Mumbai nawataja kwa makusudi. Sehemu kubwa ya vidonge vya ARV tunavyomeza vinatoka viwanda vya India, na korosho zetu ghafi zinapanda meli hapa bandarini kwenda India na Vietnam. Tunapeleka korosho na maganda yake, tunapokea molekuli.

Na maganda yale siyo takataka. Mafuta yake yana asidi ya anakadi na kadanoli, na mwaka 2014 kundi lililomhusisha David Cole-Hamilton wa St Andrews, Scotland, lilionyesha jinsi ya kuyageuza kuwa fenoli zinazowavuta mbung'o mtegoni, kwa vichocheo vya paladiamu na rutheniamu. Mmenyuko ule si wa majini, ila metali ni ile ile na malighafi iko Masasi, Tandahimba na Newala. Nikiwaambia vijana wangu, huwa hawaamini mpaka niwachoree.

Mfano mwingine wanaouelewa haraka ni mkanda wa jeshi. Kila mmoja amemwona mtu mwenye malengelenge yale upande mmoja wa kifua. Hapa kwetu hupewa asiklova, ambayo ni guanosini iliyokatwa sukari, zao la kundi la Gertrude Elion aliyepata Nobeli mwaka 1988. Ulaya kuna nyingine, brivudini, ambayo ni deoksiyuridini yenye mkia wa bromovinili kwenye kaboni ya tano, na njia inayojulikana ya kuutengeneza mkia huo inapitia mmenyuko wa Heck, paladiamu tena. Shaba nayo ina kazi yake majini: kuunganisha azidi na alkaini, kemia iliyowapa Morten Meldal na Barry Sharpless Nobeli ya mwaka 2022 pamoja na Carolyn Bertozzi. Tangu 2008 watafiti huwalisha seli thaimidini bandia yenye alkaini, kisha kwa shaba wakaishikisha rangi, na kila seli inayogawanyika inawaka.

Kuna neno linalorushwa sana, kwamba mmenyuko ukifanyika kwenye maji basi ni rafiki wa mazingira. Sikubaliani nalo likisemwa kirahisi hivyo. Maji yaliyobeba paladiamu, fosfini na boroni si maji tena, na kuyasafisha kunagharimu kuliko kuchemsha etha na kuikusanya upya. Sisi ambao tumeona mama zetu wakipanda mlima na ndoo hatuna ruhusa ya kuyaita maji kiyeyushi cha bure. Pia usafishaji wa mwisho mara nyingi hutumia methanoli au asetonitraili nyingi kuliko zilizookolewa mwanzoni. Mmenyuko unaoustahili sifa ni ule ambao bidhaa inaganda yenyewe ukipoza, unaichuja, na yale maji yenye kichocheo unayatumia tena. Ipo inayofanya hivyo, maana nukliosaidi ikishapata pete ya mafuta hupungua kuyeyuka. Isiyofanya hivyo isipewe sifa hiyo. Na kwa dawa ya kumezwa, miongozo ya kimataifa inaruhusu mgonjwa apate mikrogramu 100 tu za paladiamu kwa siku, hivyo kuiondoa metali ni sehemu ya kazi.

Kwa walioniandikia wakiuliza waanzie wapi, hasa ninyi mlio vyuoni mnaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho: msianze na guanosini. Anzeni na deoksiyuridini yenye aidini kwenye kaboni ya tano. Yenyewe ni dawa, William Prusoff aliitengeneza mwaka 1959 na ikawa ya kwanza kuruhusiwa kutibu virusi, matone ya macho kwa ajili ya hepesi. Inayeyuka kuliko guanosini, kifundo cha kaboni na aidini ni dhaifu kuliko cha bromini, na haisumbui paladiamu kama guanosini. Chagueni asidi ya boroniki yenye methoksi kwenye pete, ni ya bei nafuu na inaunga haraka. Maji yawe ya kuchujwa kwa mvuke. Ya kisima cha hapa yana chumvi mno. Naitrojeni dakika 30 kabla ya kuweka ligandi, siyo baada. Wekeni chupa ya pili isiyo na paladiamu kabisa, ipasheni sambamba na ya kwanza, na wekeni madoa ya zote mbili kwenye bamba moja.

TPPTS ikifika, igawanyeni kwenye vichupa vidogo siku hiyo hiyo na mvifunge vizuri. Kopo moja likifunguliwa kila wiki kwenye hewa ya Mtwara au Lindi, baada ya miezi kadhaa mtakuwa mnapima oksaidi.